Praiveti Chancy Chitete: Mmalawi aliyemrudia koplo wetu kule Kididiwe

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, kuna koplo wa JWTZ ambaye yuko hai leo kwa sababu askari mmoja wa Malawi alimrudia risasi zikiwa bado zinalia. Yule Mmalawi mwenyewe hakurudi kwao akiwa mzima. Jina lake Chancy Chitete. Cheo chake praiveti, yaani pale chini kabisa, mtu wa kupewa amri na kila mwenye utepe begani. Umoja wa Mataifa ulimtunuku medali yake kubwa kuliko zote za ulinzi wa amani, na aliyekwenda New York kuipokea ni mjane wake.

Kila Julai 25 tunaadhimisha Mashujaa wetu, tunaweka ngao, mkuki na maua, na ni haki yao. Ila huyu wa jirani aliyekufa kwa ajili ya mtu wetu sijawahi kumsikia akitajwa hata kijiweni. Ndiyo maana namwandikia uzi. Ni mrefu, wale wa "fupisha mkuu" wapite tu salama.

Lazima nianzie 2012, maana bila hapo utamu wa habari hii haupo. Mnakumbuka ule mwaka wa Ziwa Nyasa? Malawi walikuwa wametoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, sisi tukasema simamisheni kwanza, mpaka wenyewe hatujakubaliana. Wao wakashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaosema mpaka uko ufukweni upande wetu, sisi tukasema mpaka ni katikati ya maji. Viongozi wakapandisha sauti, na vijiweni watu wakaanza kuhesabu vifaru. Nakumbuka magenge mazima yaliyokuwa yanabishana tutafika Lilongwe kwa siku ngapi.

Haukupita hata mwaka. Machi 28, 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098 na kuunda ile Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, FIB, ndani ya MONUSCO, ujumbe wa UN wa kulinda amani kule Kongo. Nchi tatu zikatoa askari: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kamanda wa kwanza akawa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kwa hiyo wale wale tuliokuwa tunatafutana ubaya ziwani wakajikuta handaki moja Kivu Kaskazini, wanagawana maji ya kunywa.

FIB haikuwa kikosi cha kukaa getini na kofia ya bluu na kuandika ripoti. Ilipewa ruhusa ya kuyafuata makundi yenye silaha yaliko na kuyapiga. Waasi wa M23 walilionja hilo mwaka ule ule, mpaka Novemba 2013 wakawa wamesambaratika (najua wamerudi, tusiharibu uzi kwa hilo). Gharama tuliilipa: Meja Khatibu Mshindo aliuawa Agosti 2013 kwenye mapigano ya karibu na Goma.

Baada ya M23 wakabaki waasi wa ADF, na hao ni ugonjwa mwingine kabisa. Kundi lilianzia magharibi mwa Uganda miaka ya 1990, likavuka likajichimbia kwenye misitu ya Beni, chini ya Milima ya Rwenzori. Kiongozi wao wa zamani, Jamil Mukulu, alikamatwa hapa hapa Tanzania mwaka 2015 na kurudishwa Uganda. Kuondoka kwake hakukuwapunguza makali. Tangu Oktoba 2014 walikuwa wanaingia vijijini na mapanga usiku na kuua raia, wanawake na watoto ndani.

Desemba 7, 2017 wakaivamia kambi yetu ya Semuliki. Wengi humu mnalikumbuka vizuri kuliko mimi: mapigano ya saa nyingi usiku, vijana wetu 14 waliripotiwa kufa na baadaye hesabu ikafika 15, majeruhi zaidi ya 40. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Majeneza yakaagwa Upanga, makao makuu ya jeshi.

Sasa tufike kwa Chitete. Novemba 2018, FIB na jeshi la Kongo wakaanzisha operesheni ya kuwafuata ADF kwenye ngome yao eneo la Kididiwe, wilaya ya Beni. Mle ni msitu. Adui anaujua kila mti, wewe unaona mita chache mbele yako. Novemba 14 mambo yakawa mazito. Watanzania wakaanza kurudi nyuma chini ya moto mkali, na platuni ya Wamalawi aliyokuwemo Chitete ikawa inawafunika ili watoke.

Katika kutoka huko koplo wetu akapigwa vibaya. Hawezi kutembea, hawezi kutambaa, amelala mahali pa wazi na adui anamwona. Chitete akamwona. Akatoka alipokuwa, akamfuata, akamvuta mpaka sehemu yenye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo ndipo naye akapigwa. Koplo alipona, Chitete alikufa kwa majeraha yale.

Kwa mujibu wa taarifa ya UN ya siku iliyofuata, waliouawa ni Wamalawi sita na Mtanzania mmoja. Rudieni kusoma hesabu hiyo taratibu. Wale walikuwa wanatufunika sisi.

Nakunywa maji, nitaendelea na habari ya medali.

Kasumulu Boda

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa Kyela, ukivuka Songwe pale upande wa pili ni ndugu zetu kabisa, tunaoana, tunazikana, lugha moja. Hiyo 2012 sisi wa mpakani tulikuwa tunawashangaa nyie wa Dar mnaotaka vita. Ungempiga nani? Shemeji?

Zungu la Unga

Uzi mzuri ila msisahau hao hao Malawi 2025 walitufungia mchele, unga, ndizi na tangawizi, na sisi tukafunga vya kwao. Mapenzi ya wapi?

Kasumulu Boda

@Zungu la Unga serikali zilifungiana, zikakaa, zikafungua. Mtoa mada anaongelea mtu aliyekufa, wewe unaleta tangawizi.

Koplo Mstaafu

Naomba niongeze kitu kwa wale ambao hawajavaa magwanda, maana mtu anaweza kusoma "akamvuta" akadhani ni kama kumvuta mlevi barabarani.

Majeruhi aliyelegea ni mzito kuliko uzito wake. Ana fulana ya kuzuia risasi, helmeti, magazini, maji. Ili umvute unahitaji mikono, na ukitumia mikono maana yake silaha yako umeiachia. Unakwenda kinyumenyume au umeinama, mwendo wa kinyonga, na huwezi kujibu. Adui mzoefu anajua hilo. Akiona majeruhi amelala wazi mara nyingi hammalizii, anamwacha kama chambo, anasubiri wa pili aje. Wa pili naye anajua anasubiriwa.

Ndiyo maana mafunzo yanasema kwanza shinda moto wa adui, kisha mfuate majeruhi. Ukikimbilia tu unageuka majeruhi wa pili na kuwapa wenzako mzigo. Chitete alifundishwa hivyo kama sisi sote. Kwa namna mleta uzi alivyoeleza, pale moto wa adui ulikuwa haujashindwa na kikosi kilikuwa kinatoka, kwa hiyo kusubiri maana yake ilikuwa kumwacha. Hiyo hesabu mtu anaifanya kwa sekunde chache peke yake, hakuna ofisa wa kumwamrisha. Mimi nimekaa jeshini miaka na nawaambia, wengi wetu tungeng'ang'ania chini. Siyo woga, ni mwili tu unakataa kunyanyuka.

La pili, mnaoshangaa Mmalawi na Mtanzania wataelewanaje vitani. Malawi Rifles ilitokana na batalioni ya kwanza ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni), Tanganyika Rifles ilitokana na batalioni ya sita ya KAR. Babu zao na babu zetu walivaa kofia moja, wakapigana pamoja Uhabeshi na Burma katika Vita vya Pili. Amri, ishara za mikono, namna ya kupanga platuni, vyote vina shina moja. Ukiwa kwenye mazoezi ya pamoja unaona tofauti iko kwenye chakula tu. Wao nsima, sisi ugali, na hata hiyo siyo tofauti.

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

Asante sana afande, hapo kwenye chambo umenipa nilichokuwa sijui nikisemeje.

Naendelea. Hii medali ina jina refu: Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Ukitaka kujua uzito wa alichopewa Chitete lazima umjue Diagne ni nani.

Mbaye Diagne alikuwa kapteni wa jeshi la Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa UN mjini Kigali mwaka 1994. Mwangalizi maana yake hana silaha. Aprili 7, asubuhi baada ya ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda kuangushwa, wanajeshi walimuua Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Watoto wake walikuwa wamejificha. Diagne akawaokoa na kuwaficha Hôtel des Mille Collines, wakati amri kutoka juu ilikuwa walinzi wa amani wasijiingize.

Baada ya hapo hakusimama. Alikuwa anazunguka na gari la UN, anawabeba Watutsi wachache wachache, anapita nao kwenye vizuizi vya Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu waliokuwa wanawaua Watutsi. Mle barabarani watu walikuwa wanachinjwa kwa kuangaliwa kitambulisho. Yeye silaha zake zilikuwa utani, sigara na ujasiri wa mdomo. Anashuka, anacheka nao, anagawa sigara, anawajua kwa majina, halafu anapita. Safari inaisha, anageuza, anarudi kuchukua wengine. Inakubalika kwamba aliokoa mamia ya watu, wapo wanaosema wanafika elfu moja. Mei 31, 1994 akiwa kwenye kizuizi ndani ya gari lake kombora la mota likaangukia nyuma ya gari. Akafa pale pale. Alikuwa amebakiza siku chache amalize muda wake.

UN ilichukua miaka 20 kuanzisha medali kwa jina lake, kwa azimio namba 2154 la Mei 2014. Ya kwanza kabisa ilikwenda kwa familia ya Diagne mwenyewe, 2016. Halafu kimya. Mei 2019 Guterres akamkabidhi mjane wa Chitete. Kwa hiyo baada ya mwenye jina, wa kwanza kuvishwa ni praiveti wa Malawi. Aliyefuata ni kapteni wa Chad, Abdelrazakh Hamit Bahar, aliyeuawa Aguelhok nchini Mali, naye alipewa 2022.

Msichanganye na Medali ya Dag Hammarskjöld. Ile hupewa kila mlinda amani aliyekufa kazini, na vijana wetu wa Semuliki wamo humo. Hii ya Diagne haitolewi kwa sababu umekufa. Inatolewa kwa kilichofanyika kabla ya hapo.

Kinachonivuta mimi ni hawa wawili kuwekwa pamoja. Mmoja hakuwa na bunduki na kazi yake ilikuwa kutazama. Mwingine alikuwa na bunduki na akaiweka chini ili apate mikono. Wote amri waliyopewa iliishia mahali fulani, wakaendelea mbele ya hapo kwa akili zao.

Mwana Rwenzori

Mimi niko muzaliwa wa Beni. Nimesoma yote. Huyu kijana Mungu amupokee, na familia yake tunawapa pole. Lakini munipe ruhusa niseme namna sisi tuliishi.

Nyinyi munahesabu askari, ni sawa. Sisi tunahesabu batu kwa mtaa. Tangu 2014 tunazika. Tulikuwa tunaona magari meupe yanapita, helikopta zinapita, na usiku wanakuja kutukata. Kufika Novemba 2019 vijana wamechoka, waliingia kwa kambi ya MONUSCO ya Boikene wakachoma. 2022 tena, Goma na Butembo, vile vile. Siyo kama hatuna shukrani. Mama aliyezika watoto haulizi nani alipewa medali.

Hii jina Kididiwe sisi tunaijua. Ile operesheni haikumaliza ADF. Wako mpaka leo.

Zungu la Unga

Hapo sasa. Chitete alikufa kwa ajili ya nini basi?

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

@Mwana Rwenzori asante ndugu, na pole. Sina la kukupinga. Kama uzi huu umesomeka kama sifa kwa MONUSCO, siyo nilichokusudia. Kikosi kinaweza kushindwa kazi yake na ndani yake akawemo mtu ambaye hakushindwa. Nazungumzia huyo mtu.

@Zungu la Unga, swali lako ni la haki. Alikufa kwa ajili ya koplo mmoja, hilo ndilo jibu fupi. La pili, kumbuka ilikuwa ni wakati gani. Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, na mlipuko ule ukaja kuwa wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi. Mpaka unamalizika Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Wachanjaji na wafuatiliaji wa wagonjwa walihitaji barabara na vijiji ambavyo ADF walikuwa wanavichoma. Ukikosa kumfuatilia aliyekutana na mgonjwa kwa siku mbili tu kwa sababu ya risasi, mnyororo unakatika na unaanza upya. Siku chache baada ya Kididiwe kazi ya chanjo Beni mjini ilisimama kwa muda kwa sababu ya mapigano. Kwa hiyo operesheni ile haikuwa matembezi, ilikuwa na sababu, hata kama haikufika ilikotaka. Na Ebola ile ilifika Goma, ikavuka mpaka Uganda. Kutoka Goma kuja Kigoma ni mabasi na boti tu.

Mama Wawili

Dada yenu nimesoma kimya kimya. Swali: huyo koplo wetu anaitwa nani na yuko wapi? Natamani kujua kama alipata nafasi ya kwenda kuwaona wakwe, I mean wazazi wa marehemu.

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

@Mama Wawili jina lake lilitajwa hadharani na UN wakati wa medali, atakayetaka ataliona. Mimi humu siliandiki kwa makusudi. Mnaujua mtandao wetu, kesho mtu atamtafuta amwulize anajisikiaje kuwa hai. Tumwache aishi.

Koplo Mstaafu

Nakuunga mkono hapo. Jeshini aliyeokolewa huwa anabeba mzigo wake kimya, na si mwepesi. Wakati mwingine ni mzito kuliko wa aliyejeruhiwa tu.

Kasumulu Boda

Wazo: kwa nini pale mpakani Kasumulu pasiwekwe hata kibao chenye jina lake? Malori mangapi yanapita pale kila siku. Kule Naliendele tuna makaburi ya vijana waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, Kaboya kule Muleba tuna wa vita vya Kagera. Tunajua kuwatunza wetu. Huyu ni wa wote wawili, mahali pake ni mpakani.

Zungu la Unga

Kibao hata mimi nachangia. Mfuko mmoja wa saruji hesabuni.

Mwana Rwenzori

Na kwetu Beni pia muweke.

Kijana wa Gongo la Mboto

Wakuu naomba kueleweshwa, mimi nataka kujiunga. Hivi mtu akifa huko UN familia inalipwa shilingi ngapi? Na mshahara ukoje?

Mlinzi wa Zamu (mleta uzi)

@Kijana wa Gongo la Mboto, UN haimlipi askari mshahara. Inairudishia nchi yake gharama (kiwango kilichoanza Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, baadaye kikabadilishwa), na nchi ndiyo inaamua itampa askari kiasi gani mkononi. Kila nchi na utaratibu wake. Akifa kazini fidia ya UN haiangalii cheo, jenerali na praiveti sawa. Inapitia serikalini ndipo ifike kwa warithi, kwa hiyo ukijiunga kitu cha kwanza hakikisha fomu ya warithi umeijaza vizuri na umeihuisha ukioa. Afande Koplo Mstaafu atakuambia kesi za fomu zilizobaki na jina la mama tu wakati kuna mke na watoto.

Koplo Mstaafu

Ziko nyingi mno. Kijana njoo inbox nikuelekeze mambo ya usaili, ila anza kukimbia asubuhi kuanzia kesho, kilomita tano, na buti siyo raba.